Miguu ya Ndugu Wawili wa Hagadera

Kambi ya Hagadera, huko Garissa, ilifunguliwa mwaka 1992, na soko lake huamka mapema. Nilikuwa nimekaa na kikombe changu cha chai ya maziwa alipopita Mbajuni mmoja, mzaliwa wa Kismayu mwenye miaka 74, akisukuma mkokoteni wa madumu ya maji. Nilipomsalimu akafurahi kusikia Kiswahili cha pwani, akanichukua hadi kwake kumwona nduguye.

Huyo nduguye ni mdogo kwake kwa miaka 3, baba mmoja mama mmoja, lakini hainuki mkekani ila kwa kushikwa mkono. Mapaja yamekonda mno.

"Ni damu, mwanangu," akaniambia. "Baba yetu naye aliishiwa na miguu hivi hivi. Jambo la nasaba halina dawa."

Neno hilo nimelisikia Lamu na Mombasa, na nakiri nililiamini, maana baba yangu mwenyewe alimalizia umri wake kitini.

Kwamba nguvu za ujana hufuatwa na udhaifu tumelisoma chuoni, katika Surat Rum. La kuuliza ni kwa nini mmoja hutangulia na mwenziwe akabaki.

Kunyauka huko kwa misuli uzeeni kulipewa jina la sarkopenia mwaka 1989 na mtaalamu wa Marekani, Irwin Rosenberg. Utafiti juu ya mapacha umeonyesha kwamba nusu au zaidi ya tofauti za wingi wa misuli baina ya watu hutokana na urithi. Kwa hivyo mzee wetu hakukosea kabisa. Iko jeni iitwayo ACTN3, inayotengeneza protini ya nyuzi za nguvu za ghafla, zile zinazotuzuia tusianguke tunapojikwaa. Na ndizo zinazokonda zaidi uzeeni. Aliyerithi nakala mbovu kwa baba na kwa mama hana protini hiyo. Ulaya ni yapata mtu 1 kwa kila 5, ilhali katika Wakenya waliopimwa ni kama 1 kwa 100. Lakini hakuna jeni moja inayoshika hatamu. Ni nyingi, kila moja na mchango wake mdogo.

Nikawatazama tena wale wawili. Mkubwa amesukuma maji miaka yote ya ukimbizi. Mdogo aliugua, akalala mwezi mzima, na alipopona wanawe, kwa heshima, wakamkataza hata kujitekea maji ya udhu. Chakula nacho, tangu mgao wa kambi ulipopunguzwa chini ya nusu mwaka 2025, maharage yake huwaachia wajukuu.

Nikawasimulia habari ya Boston. Mwaka 1990 wazee 10 dhaifu, wenye umri wa wastani wa miaka 90, walinyanyua uzani kwa miguu kwa wiki 8, na nguvu za mapaja zikazidi maradufu. Hao nao walikuwa na nasaba zao.

Mgonjwa akanyamaza. Kaka yake akamsogezea dumu tupu alikalie. Akainuka nusu, akarudi, akainuka tena. Mara ya tatu akasimama, magoti yakitetemeka, akauliza maji ya udhu yako wapi.