Kabla ya Unga, Choo

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Leo hakuna sungura wala fisi. Haya ni mambo ya kweli, yalitokea mwaka 2015 kando ya Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma, na wako walioyaona kwa macho yao wakiwa wadogo kuliko ninyi.

Kaskazini mwa Kigoma ipo Burundi. Mwezi Aprili mwaka ule ilitangazwa kwamba Rais Pierre Nkurunziza atagombea muhula wa tatu. Watu wakaandamana mjini Bujumbura, risasi zikalia, na tarehe 13 Mei baadhi ya wanajeshi wakajaribu kumpindua, wakashindwa. Lakini wengi walikuwa wameshaondoka makwao kabla ya siku hiyo. Warundi walikuwa wamepitia mauaji ya mwaka 1972, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1993 na kudumu miaka zaidi ya kumi. Mtu mzima wa kule hasubiri nyumba ya jirani iwake moto ndipo afunge mzigo. Wapo bibi na babu waliokuwa wanakimbilia Tanzania kwa mara ya pili, wengine ya tatu.

Waliopita njia ya ziwa walifikia Kagunga. Ni kijiji cha wavuvi karibu kabisa na mpaka: mbele maji, nyuma mlima mkali, na barabara ya gari haikuwepo. Katika majuma machache makumi ya maelfu ya watu wakajaa kwenye ule ukanda mwembamba wa mchanga, wakilala juu ya khanga na mikeka. Waliotangulia kuwapokea walikuwa wanakijiji wenyewe. Wenyeji wa Kigoma ni Waha, na Kiha na Kirundi vimekaribiana mno, kiasi kwamba mama wa Kagunga na mama wa Makamba, ng'ambo ya mpaka, wanaweza kusemezana kila mmoja kwa lugha yake. Hilo lilirahisisha mambo, ingawa halikuongeza visima.

Sasa niwaulize: mgeni mwenye njaa apewe nini kwanza? Najua mtasema ugali. Mimi ningesema choo.

Mnacheka! Haya, fikirini. Watu wote wale, vyoo vya kijiji kimoja, na maji ya kunywa yanatekwa kwenye ziwa lilelile ambalo watu wanaogea na kufulia. Haukupita muda, kipindupindu kikaingia. Ugonjwa huu unakausha mwili: mtu anaharisha na kutapika maji mpaka anaishiwa, na asipotibiwa anaweza kufa ndani ya saa chache. Dawa yake kubwa haina maajabu. Ni kurudisha maji mwilini haraka, kwa kunywa maji safi yenye chumvi na sukari kwa vipimo, au kwa dripu ikiwa mgonjwa amezidiwa. Waliougua walifika maelfu, na watu takriban 30 walikufa, wakiwemo wenyeji. Ningependa mkumbuke pia upande wa pili wa hesabu hiyo, maana wengi sana walinusurika kwa vitu ambavyo hakuna anayevipiga picha: klorini, sabuni, ndoo yenye mfuniko, shimo lililochimbwa mbali na maji.

Wanaofanya kazi ya kuhudumia wakimbizi wana vipimo vyao. Lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku ndicho kiwango cha chini, yaani hata ndoo kubwa moja haijai. Mwanzoni kabisa, choo kimoja kwa watu 50. Wakishatulia, kimoja kwa watu 20. Chakula nacho kina kipimo, kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, hupatikana kwa unga wa mahindi, jamii ya kunde, mafuta na chumvi.

Ila pale Kagunga vipimo hivyo visingetimia kamwe. Ilibidi watu wahamishwe, na kwa kuwa barabara hakuna, ikaitwa meli.

Na meli yenyewe! MV Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa na kuunganishwa tena Kigoma. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaelemea, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924. Huyo ajuza ndiye aliyetumwa kuwafuata wakimbizi. Kagunga hapakuwa na gati, hivyo ilitia nanga mbali kidogo na watu wakapelekwa kwa maboti, wazee wakiinuliwa mikononi. Ilibeba watu 600 hivi kwa safari moja. Kwa watu 30,000 ni safari ngapi? Chukueni kalamu.

Kigoma mjini walipumzishwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika, ule wa mpira, kisha mabasi yakawapeleka Nyarugusu, wilayani Kasulu. Kambi hiyo ilikuwepo tangu 1996, na wenyeji wake walikuwa Wakongo waliokimbia vita vya Kivu. Kwa hiyo wakimbizi wakapokea wakimbizi. Ilipofurika, Nduta na Mtendeli, kambi za zamani zilizokuwa zimefungwa, zikafunguliwa upya.

Tangu hapo tatizo likabadilika sura. Kipindupindu kiliwaleta wahisani mbio. Miaka ya kukaa kambini iliwachosha. Fedha zilipopungua, mgao wa chakula ukapunguzwa, na mwaka 2023 ukafika nusu. Kuni nazo zilileta ugomvi na vijiji jirani, jambo ambalo silioni la ajabu: msitu ni uleule, wapishi wameongezeka.

Watoto walisoma. Warundi walifuata mtaala wa Burundi, kwa Kirundi na Kifaransa, wakiwa katikati ya mkoa wa Kigoma ambako shule za msingi za jirani hufundisha kwa Kiswahili. Sababu ilikuwa kwamba watarudi kwao, na kweli kuanzia Septemba 2017 misafara ya kurejea kwa hiari ilianza na maelfu wakarudi. Kwa waliorudi, mpango huo ulifaa. Kwa yule aliyezaliwa kambini akaingia darasa la kwanza, la pili, la tatu akiwa bado palepale, sina hakika ulimfaa sana. Angalau angefundishwa mitaala yote miwili, wa Burundi na wa Tanzania.