Sanduku la Stima la Kikundi: Tuchague Viunganishi Gani?

Vikundi kadhaa tunavyovitembelea vimejitengenezea sanduku la stima: betri ya volti 12, paneli ya sola, na waya za kupeleka nguvu kwenye taa, redio na simu za wateja. Hiyo ni kazi nzuri ya mikono yetu wenyewe. Lakini mara nyingi pesa huishia kwenye betri na paneli, halafu mahali pa kuchomeka na kuchomoa waya panawekwa chochote kilichopatikana. Hapo ndipo moto unaweza kuanzia.

Volti 12 haimpigi mtu kama stima ya nyumba ya volti 240, na kwa hivyo watu wanaidharau. Hatari yake ni joto. Chukua wati, ugawanye kwa volti, utapata ampea. Vyombo vya wati 60 kwenye volti 240 huvuta robo ampea tu. Kwenye volti 12 huvuta ampea 5, yaani mara ishirini. Ampea hizo zikipita mahali palipolegea, chuma hupata moto na plastiki huyeyuka.

Kabla ya kununua kiunganishi, tujiulize maswali manne:

1. Kinabeba ampea ngapi? Ikiwa vyombo vyenu vinavuta ampea 5, nunueni cha ampea 10 au zaidi. Vile vidogo vya duara, kama vya redio, ni vya mzigo mdogo. Tena vingine vina tundu la milimita 2.1 na vingine 2.5, na kwa nje vinafanana kabisa. Kikicheza ndani, usikitumie.

2. Kinaweza kuingia kinyume? Chanya ikikutana na hasi, chombo kinaweza kuungua mara moja. Chagueni chenye umbo linalokubali upande mmoja tu. Vibano vyenye meno vya kushika betri vinafaa fundi anapojaribu kitu, lakini si vya kuachwa usiku kucha.

3. Upande wenye nguvu una matundu au pini? Waya inayotoka kwenye betri iishie kwa matundu. Pini ziwe upande wa taa au redio. Pini zenye nguvu zikiachwa wazi, kijiko au ufunguo ukizigusa pamoja, cheche zitaruka.

4. Kinaweza kuingia kwenye soketi ya ukutani? Plagi ya pini tatu inapatikana kila duka la vifaa, nayo inabeba ampea 13. Hata hivyo tusiitumie kwa volti 12. Siku moja mtoto ataibeba redio ile hadi nyumba yenye stima, aichomeke ukutani, na volti 240 ziingie ndani yake. Itaharibika, na inaweza kushika moto.

Kwa paneli, tumieni viunganishi vyake vya kujifunga, vile vya MC4, kwa sababu vinazuia mvua. Lakini msivichomoe jua likiwaka na nguvu ikipita. Zimeni swichi kwanza, au funikeni paneli kwa blanketi nzito.

Mwisho, wekeni fyuzi karibu kabisa na upande wa chanya wa betri. Ampea za fyuzi zizidi mzigo, lakini zisizidi uwezo wa waya wala wa kiunganishi. Kwa mzigo wa ampea 5, fyuzi ya 7.5 inatosha. Ikikatika, tafuteni sababu. Msiweke kipande cha waya mahali pake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Betri ile imenunuliwa kwa michango ya kina mama na vijana wetu, na nyumba inamolala ina watu.

Maswali ya kujadili katika mkutano:
– Vyombo vyetu vyote vikiwashwa pamoja vinavuta ampea ngapi?
– Baada ya saa moja ya kazi, ni kiunganishi gani kina joto mkononi? Kibadilishwe lini, na nani atasimamia?