Kitambi si alama ya raha daima, homoni ya mawazo nayo yahusishwa

MJINI Unguja, kuanzia majumba ya Michenzani hadi Ng'ambo yote, ni jambo la kawaida kusikia kuwa mwenye mawazo hukonda na mwenye raha hunenepa. Utafiti wa kisayansi, hata hivyo, umebainisha kuwa msongo wa mawazo wa muda mrefu huweza pia kuambatana na unene, hasa wa tumboni.

Inayohusishwa na hali hiyo ni kortisoli, homoni inayotengenezwa na tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo. Kwa kawaida kiwango chake hupanda alfajiri na kushuka kabisa karibu na usiku wa manane. Mtu anapopatwa na hofu au dhiki, ubongo huziamuru tezi hizo kuongeza homoni hiyo, ili sukari izidi katika damu na mwili upate nguvu ya kukabili hatari.

Hatari ikipita, kiwango hurudi chini. Tatizo huanza pale dhiki isipokwisha, kama vile madeni, biashara isiyokwenda, maradhi ndani ya nyumba au kukosa usingizi. Kortisoli ikibaki juu kwa muda mrefu, huweza kuzidisha hamu ya vyakula vya sukari na mafuta, na kuyafanya mafuta ya mwili yajikusanye tumboni.

Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha London (UCL) wakiongozwa na Dk. Sarah Jackson walitangaza matokeo ya kupima nywele za watu 2,527 wa Uingereza wenye umri wa miaka 54 na zaidi. Unywele wenye urefu wa sentimita 2 huonesha kiwango cha kortisoli cha takriban miezi miwili. Waliokuwa na kiwango kikubwa walielekea kuwa na uzito mkubwa na kiuno kipana zaidi.

Matokeo hayo hayathibitishi kuwa mawazo peke yake ndiyo yanayonenepesha, kwani unene nao huweza kuongeza kortisoli. Chakula kingi na kukaa bila kufanya mazoezi vinabaki kuwa sababu kubwa.

Nchini Tanzania suala hili si dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Hali hiyo huongeza hatari ya kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo.

Kipimo rahisi ni utepe wa fundi cherehani: kiuno kinachozidi sentimita 88 kwa mwanamke au 102 kwa mwanamume ni dalili ya kumuona daktari.

Mazoezi husaidia kupunguza mafuta na msongo kwa pamoja. Matembezi ya Siku ya Mazoezi ya Kitaifa, ambayo hufanyika kila Januari 1, yamewahi kuanzia Kisonge, Michenzani, hadi Uwanja wa Amaan. Faida yake, hata hivyo, hupatikana kwa kutembea mwaka mzima, kulala vya kutosha, na kumweleza daktari si chakula tu, bali pia yanayomkosesha mtu usingizi.