Shilingi Ilipofunguliwa Kamba

Leo ukishuka kutoka Moshono hadi mjini Arusha na dola uliyotumiwa na mwanao aliye ng'ambo, benki itakubadilishia kwa bei ya siku hiyo, nawe utarudi nyumbani kwa amani. Vijana wetu hudhani mambo yalikuwa hivyo tangu mwanzo. La, sivyo!

Mwaka 1985 bei ya dola ilipangwa na Serikali, nayo ilikuwa shilingi 17 hivi. Fedha za kigeni zilipaswa kukabidhiwa benki, na huku Bara benki ya biashara ilikuwa moja tu, yaani Benki ya Taifa ya Biashara, iliyoundwa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha. Gizani dola iliuzwa kwa bei iliyozidi ile mara nyingi.

Labda utauliza: je, dola kuwa rahisi kuna ubaya gani? Basi, chukua kahawa ya Meru. Ng'ambo huuzwa kwa dola. Kila dola iliyoingia iligeuzwa shilingi 17, na kabla mkulima hajapata lake, gharama za bodi na za chama zilikuwa zimekwisha kukatwa. Naye alipotaka sabuni au sukari, dukani hakuikuta. Kwa mlanguzi aliikuta, lakini kwa bei ya dola ya gizani. Yaani mkulima aliuza kwa shilingi ya Serikali, akanunua kwa shilingi ya mlanguzi. Sijui kama kuna kodi iliyomwumiza kuliko hiyo, nayo haikuandikwa katika risiti yoyote.

Bwana Edwin Mtei, Gavana wa kwanza wa Benki Kuu tangu mwaka 1966, alikuwa Waziri wa Fedha alipojiuzulu mwaka 1979, kwa kutopatana na Mwalimu Nyerere juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Kushusha thamani ya shilingi kulikuwa miongoni mwa masharti hayo. Baadaye alikuja kulima kahawa Tengeru, jirani zetu kabisa.

Mwaka 1986, wakati wa Rais Mwinyi, mapatano na Shirika hilo yalitiwa sahihi, na kamba ikaanza kulegezwa. Dola ikawa shilingi 40. Mwaka 1990 ikakaribia 200. Mwaka 1995 ilipita 500. Mwaka 2000 ilikuwa 800 hivi. Mwaka 1991, baada ya tume ya Bwana Charles Nyirabu kuchunguza mabenki, sheria iliruhusu benki za watu binafsi. Mwaka 1992 maduka ya kubadilishia fedha yakaruhusiwa. Bidhaa zilirudi madukani, hilo halina ubishi.

Lakini gharama ililipwa na nani? Sisi tunaoshika madaftari ya hesabu tupige hesabu hii. Tangu katikati ya miaka ya 1980 bei zilikuwa zikipanda kwa asilimia 30 hivi kwa mwaka. Kitu cha shilingi 100, kikipanda hivyo, baada ya miaka mitatu hufika karibu 220. Baada ya miaka kumi hupita 1,300. Mwalimu au mwuguzi aliyeweka akiba yake benki kwa uaminifu aliiona ikiyeyuka, maana riba haikwenda kasi hiyo. Jirani yake aliyenunua ng'ombe au kiwanja alinusurika. Msiwacheke wazee wa hapa kwetu wanaoamini zizi kuliko kitabu cha benki!

Wala mkulima hakufaidi kama alivyoahidiwa. Julai 1989 mapatano ya dunia ya kugawana soko la kahawa yalivunjika, bei ikaporomoka. Mbolea na dawa za mibuni zikapanda pamoja na dola. Wengi walipunguza mibuni wakapanda nyanya na mboga.

Bei zilitulia pale Serikali ilipopunguza kukopa Benki Kuu. Sheria ya mwaka 1995 iliipa benki hiyo shabaha moja kuu, yaani kutuliza bei. Kufika mwaka 2000 kupanda kwa bei kulikuwa kumeshuka hadi asilimia 6 hivi, na uchumi ukaanza kukua vizuri zaidi.

Hata hivyo kamba haikutupwa. Novemba 2018 maduka ya fedha mjini Arusha yalikaguliwa kukiwa na askari, na mengi yakafungwa. Mwaka 2023 kanuni zililegezwa tena. Tangu Januari 2024 Benki Kuu huongoza fedha kwa kutangaza riba yake, na Julai 2025 iliipunguza kutoka asilimia 6 hadi 5.75. Lakini mwaka huohuo wakopaji katika mabenki walikuwa wakitozwa asilimia 15 hivi kwa wastani, na mwenye shamba dogo asiye na hati alikuwa bado akikopa kwenye kikundi cha jirani zake.