Kabla hujalipa gudwili ya kiduka tao, soma hii kwanza

Kila wiki napata swali moja kwa inboksi, tena kutoka kwa watu wanaouza vizuri tu wakiwa nyumbani: "Nimeweka pesa kidogo. Nichukue kiduka tao ama nibaki mtandaoni?"

Mimi humjibu kwa swali: unataka tao ikufanyie kazi gani? Maana tao ya Nairobi ya 2019 na hii ya leo ni vitu viwili. Ukilipa kodi ya leo ukingoja wateja wa 2019, akiba yako itaisha kabla watu hawajakujua.

Mimi niliishia fomu foo, biashara nimejifunza kwa kuuza. Nauza viatu na mikoba, nina kiduka ghorofa ya tatu ndani ya eksibisheni, na wateja wangu wengi hunipata kwa simu. Kwa hivyo naongea kama mtu anayelipa hiyo kodi kila mwezi.

TAO ILIKUWA INAUZA NINI?

Mwenye jengo wa tao hukukodishia miguu ya watu. Kiduka kidogo cha chini kule Moi Avenue ama Tom Mboya ni ghali kwa sababu watu hupita hapo mchana kutwa hata kama hawakutoka nyumbani kununua kitu. Mmoja anaenda ofisini, mwingine ana kesi kortini, mwingine anafuatilia leseni, mwingine anabadilisha matatu. Wakipita, wananunua. Huyu mteja tumwite mpita njia.

Duka la chini, la barabarani, bei yake ni ya mpita njia. Kumbuka hilo neno, tutalirudia kwa hesabu.

MIGUU ILIENDA WAPI?

Kisa cha kwanza cha korona Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye serikali ikafunga shule na kuwaambia waajiri wawaache watu wafanyie kazi nyumbani pale inapowezekana. Kafyu ikaanza tarehe 27 Machi, na hata kama saa zilikuwa zinabadilishwa, ilikaa mpaka tarehe 20 Oktoba 2021. Hiyo ni karibu miezi 19. Matatu nazo zilikuwa zinabeba watu wachache na nauli ikapanda, mpaka Agosti 2021 ndio zikaruhusiwa kujaza tena.

Sasa iangalie hiyo kama mtu wa biashara. Pesa nyingi ya tao ilikuwa ya jioni, mtu ametoka kazini, anangoja gari. Kafyu ilikata hizo saa. Yule aliyekuwa ananunua soksi kwenye steji akaanza kununua mtaani kwake, Pipeline, Githurai, Rongai. Miezi 19 inatosha mtu kuzoea duka jipya.

Halafu zile shughuli zenyewe zilizokuwa zinamleta mtu tao zikahamia kwa simu. Korti zilianza kusikiliza kesi kwa video, na kuanzia Julai 2020 kesi za Nairobi zikawa zinafunguliwa mtandaoni. Mwaka 2023 serikali ikatangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 ziko kwa eCitizen. Kila fomu mtu anajaza akiwa kitandani ni safari moja ya tao ambayo haikufanyika. Na kwa hiyo safari angenunua kitu: chai, chaja, viatu vya mtoto.

Ongeza hapo watu wa ofisi. Tuseme ukweli, Wakenya wengi hawawezi kufanyia kazi nyumbani. Fundi, mama mboga na mtu wa mjengo lazima watoke. Pia ofisi nyingi zilikuwa zimeshaanza kuhamia Upper Hill na Westlands miaka mingi kabla ya korona. Lakini wale wanaoweza kufanya kazi kwa kompyuta ndio waliokuwa wakinunua viatu vya ofisi na chakula cha mchana bila kuuliza bei mara tatu. Wakipunguza siku mbili tu za kuja, wewe unayewauzia utasikia mfukoni.

WENZETU WALIPIGWA ZAIDI

Mwaka 2021 watafiti wawili, Arjun Ramani na Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford, waliangalia namna watu walivyohama na kodi za nyumba zilivyobadilika kwenye miji mikubwa ya Marekani. Waliona watu na biashara wakitoka katikati na kuhamia pembeni, wengi wao wakibaki eneo la mji uleule. Jambo hilo wakalipa jina la donati: katikati tundu, unga wote uko pembeni.

Kule London kuna mkahawa wa sandwichi na kahawa unaoitwa Pret A Manger, ambao ulikuwa ukitegemea sana watu wa ofisi. Mwaka 2020 ulitangaza kufunga maduka 30. Septemba hiyohiyo ukaja na mpango: lipa pauni 20 kwa mwezi, unywe mpaka vinywaji vitano kwa siku. Angalia hiyo akili. Mpita njia alipopungua, walimgeuza kuwa mteja mwenye jina, tena anayelipa mapema.

Hata watu waliporudi ofisini huko, hawakurudi siku zote. Jumanne, Jumatano na Alhamisi kunajaa, Jumatatu na Ijumaa kunapoa. Lakini mwenye jengo bado anadai kodi ya wiki nzima.

LAKINI TAO YA NAIROBI HAIJAFA

Ukisimama River Road Jumamosi utasema nakudanganya, maana hata pa kukanyaga hakuna. Ni kweli. Donati yetu bado ina unga katikati. Kilichobadilika ni kazi ambayo tao inafanya. Kwangu naona kazi tatu ambazo bado inafanya vizuri.

1. Mzigo. Nyamakima, Kamukunji, Luthuli kwa vitu vya stima na simu, Dubois kwa vipodozi. Vyote unavifikia kwa miguu. Mteja akitaka saizi ambayo huna, unaipata kwa jirani ndani ya dakika kumi. Ukiwa Kitengela hiyo ni nusu siku.

2. Paseli. Magari ya kwenda Nakuru, Nyeri, Kisii, Meru yanaanzia tao ama karibu na tao. Oda ya saa nne asubuhi inaweza kufika mashambani jioni. Kwa muuzaji wa mtandaoni, hii ni dhahabu.

3. Kuaminika. Mteja mgeni akikuuliza "duka lenu liko wapi" na ukataja jengo, ghorofa na namba ya mlango, moyo wake unatulia. Wengi hawaji hata siku moja. Wanataka tu kujua kwamba wakilia, kuna mlango wa kugonga.

Umeona? Kwa hizi tatu hakuna hata moja inayohitaji duka la chini, la barabarani. Mzigo, paseli na kuaminika vyote vinafanya kazi ukiwa ghorofa ya tatu, ama ukiwa umeshiriki kiduka na mwenzako. Mteja anayekuja na picha yako kwa simu ameshaamua, ngazi hazimsumbui. Anayesumbuliwa na ngazi ni mpita njia.

Kitu kingine, korona ilimfundisha mteja kulipa. Machi 2020 Safaricom iliondoa ada ya kutumiana M-Pesa kwa pesa isiyozidi shilingi 1,000, na nafuu hiyo ikaenda mpaka mwisho wa mwaka huo. Watu wengi walizoea kulipa vitu vidogo vidogo kwa simu wakati huo. Ada ilirudi lakini mazoea yalibaki.

TUPIGE HESABU

Hii ni mifano tu, weka namba zako.

Tuseme kiduka cha chini ni 26,000 kwa mwezi na unafungua siku 26. Hiyo ni 1,000 kila asubuhi kabla hujasema karibu. Kama kila pea ya viatu inakuachia faida ya 250, unahitaji pea nne kila siku za kodi pekee. Hujalipa stima, leseni ya kaunti, msaidizi, wala nauli yako.

Sasa tuseme hilo jengo lina watu wa maana nusu ya siku tu, yaani siku 13. Pea ulizohitaji ni zilezile 104 kwa mwezi. Gawa kwa 13, unapata pea nane kila siku nzuri, na siku zile nyingine zikikupa kitu, hiyo ni bahati.

Na hapa ndipo watu wengi wanajidanganya: pea za kuhesabu hapo ni zile ulizouzia mpita njia peke yake. Yule aliyekuona kwa posti akaja kuchukua angenunua hata ukiwa ghorofa ya nne. Ukimhesabu yeye pia, utaona duka la chini linalipa, kumbe simu yako ndiyo inalipa kodi ya duka.

FANYA HIVI KABLA YA KUTOA PESA

Moja. Kwa wiki mbili, kila anayenunua kwako muulize umenijuaje, na uandike kwa daftari. Mtandao, rafiki, ama kupita. Kama bado huna duka, omba mwenzako mwenye kiduka kwenye hilo jengo akuandikie. Mpe hata pakiti ya maziwa, atakubali.

Mbili. Nenda usimame mbele ya hicho kiduka siku tatu tofauti: Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Nenda saa nne asubuhi, saa saba mchana, na saa kumi na moja jioni. Hesabu wanaosimama kuangalia na wanaotoka na mfuko, wanaopita tu waache. Kiduka kikioneshwa Jumamosi saa nane, kila kiduka ni kizuri.

Tatu. Uliza ghorofa za juu kuna nini. Kama ni ofisi, uliza wafanyakazi wanakuja siku ngapi kwa wiki. Soja wa mlangoni anajua kuliko ajenti. Ofisi ikihama, wateja wako wanahama nayo.

Nne. Angalia unauza nini. Vitu ambavyo mtu ananunua kwa haraka akipita, kama kava za simu, soksi na miavuli, bado vinahitaji barabara. Vitu ambavyo mtu anachagua kwanza kwa picha, kama viatu vya harusi, mikoba na nguo za saizi, vinaweza kukaa juu. Na kama wateja wako wengi wanaishi mtaa mmoja, fikiria rafu mtaani huko kabla ya tao. Mtu anayefanyia kazi nyumbani anatembea mtaani kwake saa saba mchana, na huyo 2019 hakuwa hapo.

Tano. Hii gudwili. Ni pesa unayotoa ili uingie, na kawaida hairudi. Uliza kabisa: ninayemlipa ni nani? Mwenye jengo, ama mpangaji kama mimi anayetoka? Mkataba wangu uko na nani? Kama umelipa mtu ambaye yeye mwenyewe amepanga, siku akifukuzwa na wewe uko nje. Usitoe bila karatasi yenye sahihi ya mwenye jengo ama wakili wake.

Pia jua haki yako. Sheria ya wapangaji wa maduka, ile ya Sura ya 301, inawalinda wapangaji wengi wadogo, hata wale ambao hawana mkataba wa kuandikwa. Kwa wapangaji hao, mwenye jengo akitaka kupandisha kodi ama kukutoa, anatakiwa akupe notisi ya maandishi ya miezi miwili au zaidi. Ukiona hujatendewa haki, kuna baraza la kusikiliza kesi za kodi za biashara. Kufuli la usiku si notisi.

NENO LANGU

Kama daftari lako linasema wateja wengi wanatoka kwa simu, basi nenda tao kwa ajili ya mzigo, paseli na anwani. Chukua padogo, juu, ama mshirikiane watu wawili. Ile pesa ingekuwa gudwili ya duka la barabarani, nunua nayo stoki na upige picha nzuri.

Kama daftari linasema wapita njia ndio wanaokulisha, lipa kodi ya chini bila uoga, lakini kila anayenunua mchukue namba yake akikubali. Leo anapita hapo kwa sababu ana ofisi karibu. Mwaka ujao bosi wake anaweza kumwambia afanyie kazi nyumbani, na namba yake ndiyo utabaki nayo.

Wewe unauza nini, na kwa wiki hii wangapi walikuja kwa simu na wangapi walipita tu? Andika hapa chini, tusaidiane kupiga hesabu kabla mtu hajatoa pesa yake.