Fahamu: Marekani inavyopeleka utafiti wa tiba katika majimbo ya pembezoni

Kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya fedha za serikali ya Marekani za utafiti wa tiba imekwenda katika majimbo machache yenye vyuo vikuu vikubwa, kama California na Massachusetts. Ndiyo maana mwaka 1993 Bunge la nchi hiyo lilianzisha mpango wa IDeA, chini ya Taasisi za Taifa za Afya (NIH). Unahudumia majimbo 23 pamoja na Puerto Rico.

Unafanyaje kazi?

Tawi lake la INBRE huunda mtandao mmoja kwa kila jimbo. Taasisi kiongozi hupewa ruzuku ya miaka mitano, na vyuo washirika hunufaika kwa fedha za watafiti chipukizi, vifaa vya maabara na mafunzo ya wanafunzi wa shahada ya kwanza.

Maine, kiongozi ni Maabara ya Biolojia ya MDI, mjini Bar Harbor, ikishirikiana na vyuo vidogo kama Bates, Bowdoin na Colby. Montana imevishirikisha pia vyuo vya jamii za wenyeji wa asili.

Hapo ndipo penye faida kubwa: kijana wa chuo kidogo anafanya utafiti halisi akiwa bado mwanafunzi, bila kulazimika kuhama jimbo lake.