Kisoma Kadi Kisichoonekana na Mashine Pepe

Mtu aitumiaye kadi yenye chipu kujitambulisha mbele ya kompyuta, kama wafanyavyo raia wa Estonia tangu mwaka 2002, huenda siku moja akafikwa na taabu hii: kisoma kadi kimechomekwa, taa yake inawaka, kompyuta inakitambua, ilhali mashine pepe iendeshwayo ndani ya kompyuta hiyo hiyo, ambayo ndiyo yenye programu ya kutia saini, haioni kisoma chochote. Aghalabu lawama hutupiwa kadi, nayo haina hatia.

Asili ya taabu ni kwamba ziko njia mbili za kumfikishia mgeni, yaani mashine pepe, kadi hiyo, na kila moja ina taratibu zake. Ya kwanza ni kumkabidhi kifaa kizima cha USB, na hapo kompyuta mwenyeji haina budi kukiachilia kabisa. Katika Linux anayekishika ni huduma iitwayo pcscd. Na linalowatatiza wengi ni kwamba katika mifumo mingi ya leo ukiisimamisha huduma hiyo peke yake, hurudi mara tu programu yoyote iulizapo habari za kadi, maadamu soketi yake, pcscd.socket, ingali wazi. Sharti zisimamishwe zote mbili, ndipo kisoma kikabidhiwe.

Njia ya pili haikihamishi kifaa, bali hupeleka mazungumzo tu. Itifaki ya RDP ya Microsoft, itumiwayo kuingia kwenye mashine ya mbali, huyachukua maswali ambayo programu ya mgeni inaiuliza kadi, ikayavusha hadi kwenye kompyuta aliyoikalia mtumiaji, kisha ikarejesha majibu, mithili ya tarishi aendaye na barua na kurudi na jawabu. Kwa hiyo kisoma kilichochomekwa kwenye mashine ya mbali hakionekani kikaoni. Huonekana kile kilicho mezani pa mtumiaji, tena iwapo ameiruhusu kadi kabla ya kuunganisha. Wapo wanaohangaika siku nzima kwa kutolijua hili, na nawaonea imani.

Yakini hupatikana kwa kadi yenyewe. Kila kadi ifuatayo kanuni ya ISO 7816, ikipatiwa umeme na kuamshwa, hutoa jibu fupi lisilozidi baiti 33, ambalo baiti yake ya kwanza ni 3B au 3F. Amri ya pcsc_scan katika Linux huliandika kwenye kioo. Katika Windows hutumika certutil -scinfo. Jibu likipatikana kwa mwenyeji kabla ya makabidhiano, kisha lisipatikane kwa mgeni, kasoro iko njiani. Likifika kwa mgeni na bado kadi ikakataliwa, mara nyingi ni programu ya watoaji wa kadi ambayo haijawekwa huko.

Na wakati wote wa uchunguzi, ewe msomaji, nakusihi usibahatishe namba ya siri: kadi ya Estonia hujifunga kwa makosa matatu mfululizo, na haifunguki illa kwa namba ya PUK, yaani namba ya kufungulia.